Waliojitwika Lugha na Tuliotwikwa

Wazee wa pwani walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi si mzaliwa wa pwani. Nililelewa bara, Magharibi ya Kenya, ambako chombo tulichokijua zaidi si jahazi bali ni mtungi wa maji. Hata hivyo, methali hiyo ndiyo iliyonirudia moyoni nilipoketi kuandika makala hii, kwa sababu nataka kumsimulia msomaji habari za siku moja niliyoizunguka Jakarta, jiji kuu la kisiwa cha Java nchini Indonesia, nikiwa peke yangu, na jinsi mzunguko huo ulivyonirejesha nyumbani kwa njia nisiyoitarajia.

Nilikuwa nimekwenda huko kuhudhuria kongamano la wanaisimu. Kongamano lilipokwisha nilibakiwa na siku moja kabla ya ndege yangu. Wenzangu waliamua kwenda madukani. Mimi nikachukua chupa ya maji, ramani, na kijitabu cha maneno ya Kiindonesia, nikatoka hotelini alfajiri kabla jua halijawa kali.

Jakarta ni jiji la watu zaidi ya milioni 10, bila kuhesabu miji iliyogandana nalo pande zote. Anayezijua bodaboda zetu asidhani kwamba amekwisha kuziona pikipiki. Huko hutiririka barabarani kama siafu, nyingine zikiwa na baba, mama na watoto wawili, nyingine zikichukua abiria kwa malipo. Hizo huitwa ojek. Pamoja na msongamano huo, tangu mwaka wa 2004 jiji limetengea mabasi njia zake lenyewe ambazo magari mengine hayaruhusiwi kuziingilia. Nilipanda basi moja katika njia ya kwanza kabisa kujengwa, ile inayotoka Blok M, kusini, hadi Kota, kaskazini ulikoanzia mji.

Ndani ya basi nilianza mchezo ambao kila mwanaisimu huucheza ugenini: kusoma kila kilichoandikwa. Dereva alipoombwa apunguze mwendo, abiria mmoja alimwambia pelan-pelan, na sikio langu likasikia polepole. Nilimshukuru kijana aliyenipisha kitini, naye akanijibu sama-sama, nami nikakaribia kumjibu sawasawa. Hapa sharti niwaonye wanafunzi wangu: kufanana kwa sauti si ithibati ya udugu wa lugha. Kiindonesia ni cha jamii ya Kiaustronesia na Kiswahili ni cha Kibantu. Hakuna babu wanayeshiriki. Maneno mawili yakikutana njiani yakafanana sura, hiyo huwa ni sadfa.

Lakini si kila kufanana ni sadfa. Niliposhuka Kota nilitembea hadi Sunda Kelapa, bandari ya kale ambayo ndiyo iliyouzaa mji huu. Majahazi ya mbao yenye omo zilizochongoka yalikuwa yamejipanga gatini, moja baada ya jingine, na wachukuzi walikuwa wakipanda na kushuka juu ya ubao mwembamba wakiwa na mizigo mabegani. Nilimwuliza mzee mmoja, kwa Kiindonesia changu cha kuungaunga, ni nani mkubwa wa chombo kile. Akajibu: nakhoda. Nikanyoosha kidole kwenye kitambaa chekundu na cheupe kilichopepea mlingotini. Akasema: bendera. Nikamwuliza kuhusu pepo na mvua, akanitajia musim. Na mahali tuliposimama, katika lugha yake, neno la zamani ni bandar.

Nahodha, bendera, msimu, bandari. Nilihisi kama niliyesimama Lamu. Maneno haya Waindonesia hawakuyapata kwetu, wala sisi hatukuyapata kwao. Nakhoda na bandar yalitoka kwa Waajemi, musim kwa Waarabu, na bendera kwa Wareno, ambao walifika Mombasa mwaka wa 1498 na kufanya mkataba na ufalme wa Sunda mwaka wa 1522. Bahari ya Hindi iliwagawia watu wa kusi na watu wa kaskazi maneno yale yale, kila mmoja akayatia katika kinywa chake. Kiswahili na Kimalei, lugha ambayo Kiindonesia kilichipuka kwayo, zote mbili zilikua kwa biashara, zikanenwa na watu wa mataifa mengi.

Kutoka bandarini nilirudi katika mji mkongwe wa Waholanzi. Hao waliuteketeza mji wa Jayakarta mwaka wa 1619, wakajenga mwingine juu ya majivu yake na kuuita Batavia. Jumba lao la baraza, lililokamilika mwaka wa 1710, sasa ni makumbusho. Ghorofani mna meza na makabati ya fahari. Chini kabisa mna vyumba vya wafungwa, vyenye dari fupi mno hata mtu hawezi kusimama wima. Niliinama nikachungulia, nikakumbuka Ngome ya Yesu kule Mombasa, ambayo Waingereza waliigeuza kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958.

Saa moja baadaye neno hilo la gereza lilinifuata. Katikati ya jiji msikiti wa Istiqlal na kanisa kuu la Kikatoliki vinatazamana, barabara tu ikivitenga. Msikiti, ambao jina lake maana yake ni uhuru, ulifunguliwa mwaka wa 1978, na aliyeuchora, Friedrich Silaban, alikuwa Mkristo. Kanisa ni la mwaka wa 1901. Sasa njia ya chini ya ardhi inaviunganisha, nayo imepewa jina la udugu. Papa Fransisko alifika hapo Septemba 2024. Kwenye lango la kanisa nikasoma neno gereja. Kwa Kiindonesia maana yake ni kanisa, na asili yake ni neno la Kireno igreja. Neno hilo hilo la Wareno ndilo ambalo wanaleksikografia wengi hulitaja kuwa asili ya gereza letu. Mbegu ni moja. Upande mmoja wa bahari imekuwa nyumba ya sala, na upande wa pili imekuwa nyumba ya minyororo. Maneno hayabebi maana kutoka kwao tu. Huokota nyingine kwa yale yanayowapata wasemaji.

Njaa iliponishika niliona bango lenye neno kuku. Nilifurahi, nikaingia mbio, nikawakuta wasichana wawili wakiwapunguza wateja kucha. Kuku kwa Kiindonesia ni ukucha. Jirani yao nilipata wali, ambao huitwa nasi, na jina hilo likaniridhisha: chakula kinachomwambia mgeni kwamba ale nasi.

Alasiri nilikwenda mahali ambapo, kusema kweli, ndipo nilipopaazimia tangu asubuhi. Katika barabara ya Kramat Raya, nambari 106, kuna nyumba ya kawaida yenye baraza na madirisha marefu. Ilikuwa bweni la wanafunzi, mali ya Mchina mmoja wa mji huo. Hapo ndipo vijana wa makabila mbalimbali walipofanya kikao cha mwisho cha mkutano wao tarehe 28 Oktoba 1928, wakala kiapo ambacho Waindonesia hukiita Sumpah Pemuda, yaani Kiapo cha Vijana. Ndani ya kabati la kioo niliiona fidla ya W. R. Supratman, aliyepiga usiku huo wimbo ambao baadaye ulikuwa wimbo wa taifa. Aliupiga bila maneno, kwa kuwa serikali ya Waholanzi ilikuwa ikisikiliza.

Kiapo kina vifungu vitatu. Cha kwanza kinakiri nchi moja ya asili. Cha pili kinakiri taifa moja. Mtu angetarajia cha tatu kikiri lugha moja, lakini sivyo. Kinasema kwamba vijana hao wanaitukuza lugha ya umoja, lugha ya Indonesia. Tofauti hii ni ndogo kwa macho na kubwa kwa maana: hawakusema kwamba lugha nyingine zife.

Sasa tutazame walichokichagua. Lugha iliyokuwa na wasemaji wengi kuliko zote visiwani ni Kijava, lugha yenye fasihi ya karne nyingi. Wengi wa vijana hao walikuwa Wajava. Wangekidai Kijava, nani angewapinga? Wakakiacha, wakashika Kimalei, kilichokuwa lugha ya mama ya sehemu ndogo tu ya watu. Sababu mojawapo ni kwamba Kimalei kilikwisha kuenea bandarini na sokoni. Sababu nyingine humo humo katika sarufi: Kijava humlazimu msemaji achague tabaka la maneno kulingana na cheo cha anayesema naye, mtwana kwa namna yake na bwana kwa namna yake. Vijana waliotaka usawa hawakuona vyema kujenga taifa juu ya ngazi hiyo. Wala jina la Kiindonesia halikuwapo tangu jadi; lilipendekezwa katika mkutano wa kwanza wa vijana mwaka wa 1926. Na jambo linalonisisimua zaidi ni kuwa baadhi ya wasemaji mwaka wa 1928 walihutubu kwa Kiholanzi, kwa sababu ndicho walichosomeshwa. Waliapa kwa lugha ambayo wengine wao walikuwa bado wakiijifunza.

Kitenzi walichokitumia katika kifungu hicho cha tatu ni menjunjung. Nilifungua kijitabu changu. Maana yake ya asili ni kubeba kitu juu ya kichwa.

Nilisimama mbele ya maandishi hayo kwa muda mrefu. Nilipokuwa msichana nilijitwika mtungi kila jioni kutoka mtoni, na kabla ya mtungi nilitangulia kuweka ngata ya majani ya mgomba ili kichwa kisiumie. Ngata hiyo pia huitwa kata kwa Kiswahili. Kwa Kiindonesia kata ni neno. Hiyo ni sadfa, kama nilivyoonya awali, wala sitaijengea nadharia. Lakini mzigo naujua. Mzigo uliojitwika mwenyewe huutafutia ngata, huunyoosha shingo, nawe hufika nao nyumbani. Mzigo uliotwikwa na mwingine bila kuulizwa hutafuta pa kuutua.

Nikiwa katika mawazo hayo waliingia wanafunzi wa sekondari pamoja na mwalimu wao, mwanamke wa rika langu. Akanisalimu kwa heshima, akanita Ibu, ambayo ni kama kuitwa mama. Aliposikia kwamba nafundisha chuo kikuu, akawaambia watoto waniulize maswali, naye awe mkalimani kwa Kiingereza. Waliniuliza kuhusu simba, kuhusu wakimbiaji. Kisha msichana mmoja mwenye miwani akataka kujua lugha ya taifa letu. Nikamwambia ni Kiswahili, nikamwonyesha nahodha na bendera, wakacheka kwa furaha. Msichana akaendelea: basi Ibu hufundisha isimu kwa Kiswahili?

Nikasema, la, kwa Kiingereza.

Je, wanafunzi wa Ibu hawajui Kiswahili?

Wanakijua.

Au Ibu ndiye asiyekijua?

Mwalimu wake alimkatiza kwa aibu. Nami nilicheka ili kumtoa hofu, lakini kicheko hakikufika moyoni. Tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu vitenzi vya Kiswahili. Niliiandika kwa Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nikaitetea kwa Kiingereza mbele ya Waswahili, na siku ile hapana hata mmoja wetu aliyeliona hilo kuwa ajabu. Ilinipasa nivuke bahari, niulizwe na mtoto, ndipo nilione.

Mwaka wa 1928 una ukumbusho mwingine ulio karibu nasi. Mwaka huo huo, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wawakilishi wa makoloni ya Waingereza katika Afrika Mashariki pamoja na wamishenari. Ndio walioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita cha wenyeji wa mji ule ule kikaachwa. Mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji, ambayo katika miaka yake ya kwanza haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Siwabezi waliofanya kazi ile. Kamusi na sarufi tunazozitegemea zilitokana na jasho lao. Ila tuone tofauti: katika bandari moja ya Bahari ya Hindi vijana walijitwika lugha wenyewe, na katika bandari nyingine, mwaka ule ule, sisi tulitwikwa.

Mtu ataniambia kwamba hayo yamepita, na kwamba tumekwisha kuamua wenyewe. Ni kweli tumeamua, tena mara nyingi. Mwaka wa 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 kikawa somo la lazima lenye mtihani. Katiba ya 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yote hayo ni mema. Lakini tukiingia darasani, Kiswahili ni somo. Si lugha ya kusomea masomo mengine. Tumekipa kiti cha heshima sebuleni tukakinyima kazi jikoni. Mwanafunzi huambiwa kwamba lugha hii ni fahari yake, kisha huona kwamba hesabu, sayansi, sheria na hata isimu yenyewe haziipitii. Naye si mjinga. Anaelewa tunachomaanisha kuliko tunachosema.

Indonesia haikuishia kwenye kiapo. Katiba yake ya 1945 ilikifanya Kiindonesia kuwa lugha ya dola. Tahajia ilirekebishwa mwaka wa 1947 na tena 1972. Kamusi kuu ya taifa ilitoka mwaka wa 1988. Sheria ya 2009 kuhusu bendera, lugha, nembo na wimbo wa taifa iliagiza kwamba Kiindonesia ndicho kiwe lugha ya kufundishia. Daktari hujifunza udaktari kwacho, mhandisi uhandisi. Mnamo Novemba 2023, UNESCO ilikikubali kuwa lugha rasmi ya Mkutano wake Mkuu. Lugha haikukua kwanza ndipo ikapewa kazi. Ilipewa kazi ndipo ikakua.

Sitaki nimpambe mwari kupita kiasi. Indonesia ina lugha zaidi ya 700, na nyingi kati ya zile ndogo zimo hatarini, kwa sababu mzazi anayetaka mwanawe afaulu humlea kwa lugha ya umoja pekee. Aidha, katika enzi ya Soeharto maandishi ya Kichina yalipigwa marufuku hadharani, na vikwazo hivyo havikuondolewa hadi mwaka wa 2000. Lugha ya umoja ikishikwa na mkono mbaya huwa rungu. Kwetu tulio na lugha zaidi ya 40, funzo ni lile la kifungu cha tatu cha kiapo: tukikweze Kiswahili, tusiviue vya mama.

Nilirejea hotelini magharibi, basi letu likipita kando ya maelfu ya magari yaliyokwama. Siku ya pili nilipanda ndege.

Muhula uliofuata niliwaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kwamba insha ya kwanza wanaweza kuiandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, watakavyo. Darasa lina wanafunzi 40. Watatu tu ndio waliochagua Kiswahili. Mmoja wao alinijia ofisini kabla ya kuanza, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama atakatwa alama. Nilimhakikishia kwamba hatakatwa. Lakini swali lake limekaa nami kuliko lile la msichana wa Jakarta, kwa sababu yeye hakuwa akistaajabu. Alikuwa akiogopa, na waliomfunza hofu hiyo ni sisi walimu.

Insha yake ilikuwa nzuri. Istilahi hazikumshinda: mofimu, kiambishi, sintaksia, zote zipo na amezitumia ipasavyo. Aliyetatizika ni mimi. Kila nilipotaka kumwandikia maoni pembeni, kalamu ilikimbilia Kiingereza, nami nikawa nafuta na kuandika upya. Insha zile tatu zilinichukua muda kuliko kumi za wenzao. Shingo ilinyongea kama ya msichana anayejitwika mtungi mara ya kwanza.

Waalimu wenzangu, na ninyi mnaosomea ualimu, sikuwaandikia ili tungoje sheria nyingine. Tunazo za kutosha. Kila mmoja wetu ana darasa, ana ubao, ana insha za kusahihisha. Tuanzie hapo. Nimezunguka tezi na omo. Nimerudi ngamani, na maji yanayohitaji kutekwa yamo humu humu chomboni.